Kumlaza Mzaramo Porini

Jumatatu, 8 Julai

Kulwa kalala. Doto kaamka. Ndiyo hali ya nyumba hii tangu Desemba. Mapacha wangu wanapokezana zamu kama walinzi wa benki. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili una Doto.

Jambo zito. Shemeji Abbasi, kaka yake mume wangu, anamtaka Adinani aache kibanda chake cha kutengeneza simu pale Kanyenye, ahamie Dar wafanye kazi pamoja Kariakoo. Na sisi tukakae Mbagala kwa mama yao. Chumba kimoja! Kwa mama mkwe ambaye kila akipiga simu ya video anasema watoto nawaogesha kama naosha viazi. Jibu linatakiwa Jumapili hii.

Jana Adinani alianza kunieleza alivyoamua. Nakumbuka mwanzo. Alisema, mama Kulwa, ile habari ya Dar. Kinachofuata ninachokumbuka ni jogoo.

Kumuuliza tena siwezi. Wiki iliyopita tu nimeapa mbele yake kwamba mimi silali mtu akiongea.

Ila sihitaji kuuliza. Yule ni Mzaramo. Tabora anaiita nchi kavu. Tangu tuoane anasema hewa ya huku inamkwaruza. Ataondoka, atatubeba, nitaogesha watoto mbele ya mkaguzi mpaka nizeeke.

Lakini leo, nikitoka kliniki, nimeona wazungu kituo cha mafuta. Gari limebeba mahema juu. Mhudumu kaniambia wanafuata njia ya zamani ya misafara, wanalala porini kwa hiari yao. Wameiva usoni kama nyanya, na wanacheka!

Hapo hapo akili ikafunguka. Ikiwa mzungu anapanda ndege kuja kulala kwenye nyasi zetu, Adinani anayezipata bure atashindwaje kuzipenda? Nitamlaza porini. Ataipenda Tabora. Kabla ya Jumapili.

Doto kanitapikia. Naona ni baraka.


Jumanne, 9 Julai

Nimekwenda Ng'ambo kwa Kasimiri, fundi anayeshona mabegi na maturubai. Nimemwambia nataka hema la watu wawili na mapacha. Kauliza hema hema, au turubai nalo limo? Nikasema chochote, mradi kifungwe na zipu. Akasema nina bahati, ana turubai zuri la bluu, kanunua kwa akina mama fulani ambao kikundi chao kimevunjika. Limekaa juani miaka na halijalalamika. Sikuuliza zaidi. Doto alikuwa anatafuna futi yake ya kupimia.

Jioni nimemweleza Adinani kwa upole kwamba mwisho wa wiki twende tukapige kambi. Kauliza kama mwenye nyumba katufukuza. Nikasema hapana, ni starehe. Akasema kambini wanakaa wanajeshi na wakimbizi. Nikasema na wapendanao. Akanitazama. Kitenge begani kina maziwa, kichwani kuna kijiko cha uji ambacho sikujua kimefikaje. Akauliza, wapendanao gani hao?

Sikukasirika. Nimechoka mno kukasirika. Nimemwambia tu kwamba jirani yetu Najiat mumewe alimpeleka Bwawa la Igombe wakala kuku, na picha bado ziko kwenye status yake mpaka leo, kila siku anazirudisha kama dawa ya kutwa mara tatu. Adinani akasema basi kuku tutanunua, tutamla hapa hapa, chini ya bati.

Amekataa. Lakini amekataa akiwa amembeba Kulwa, kwa hiyo hakukataa kwa nguvu.


Jumatano, 10 Julai

Siku gani hii!

Hema limekuja. Nikaamua kulijaribu uani Adinani akiwa kazini. Miti ninayo, kamba ninazo. Likasimama lenyewe, zuri, pana kidogo kuliko nilivyotegemea. Ndipo nikaona maandishi. Meupe, makubwa, Kasimiri kayapanga vizuri usoni pa hema kama kibao cha duka: TUFARIJIANE – KUFA NA KUZIKANA.

Nikasema nitayafikiria. Nikaingia ndani kuwanyonyesha watoto. Nikaketi kidogo tu.

Nimeamshwa na kilio. Sebuleni wanawake wamejaa. Najiat mbele, khanga kiunoni, analia kama ndiye mwenye msiba. Jiko langu limeshatekwa, sufuria la wali linachemka, mtu kakishika kichwa changu ananipepea. Nje wanaume wamekaa kwenye mabenchi, turubai likiwaka jua juu yao. Kila aliyepita mtaani kwetu Cheyo leo kaona turubai, kaingia. Nani anauliza? Mtu huuliza akishakaa. Na waliouliza waliambiwa itakuwa ni mume, kwa sababu mke yuko ndani kwenye kiti, kaishiwa nguvu hata kope hazifunguki.

Nilikuwa nimelala!

Kabla sijapata sauti, Adinani karudi. Kachungulia dirishani, kaniona mimi, kamwona Kulwa, kamwona Doto. Wote wazima. Basi kwa akili yake msiba ni wa jirani, wametumia uwanja wetu kwa kuwa wa kwao mdogo. Kavua kofia, kawapa watu mkono, kaketi benchi la mwisho, kapewa kahawa. Kainamisha kichwa kabisa. Baada ya muda kamwinamia mzee aliye kando yake, mgeni wa mtaa wa pili, kamuuliza kwa adabu marehemu hasa ni nani. Mzee kamwambia ni kijana wa hapa hapa, fundi simu, Mzaramo. Kasema alikuwa mtu mzuri ila simu alikuwa anazichelewesha.

Kahawa ikamwagika.

Wali ulikuwa umeshaiva, kwa hiyo hakuna aliyeondoka. Najiat kaniambia mlangoni kwamba kama nilitaka kuwaalika watu chakula ningesema tu. Sina la kuandika juu ya Najiat.


Alhamisi, 11 Julai

Adinani hanisemeshi. Sababu anayo. Mji mzima unamwita marehemu. Asubuhi muuza kahawa kamwambia karibu, tulidhani umetangulia. Kibandani mteja kaja kuuliza kwa sauti ya huzuni kama simu aliyomwachia marehemu ilipona. Mwingine kaomba apunguziwe bei kwa kuwa fundi kashakufa, sasa anakula nini.

Mchana karudi, katupa begi kitandani, kasema anatamani aende mahali ambapo hakuna binadamu anayemjua, hata siku moja tu.

Nikamwambia mahali napajua.

Akauliza kama kuna fisi. Nikasema fisi wamehama. Sijui kama wamehama. Ila ni lazima niwe na msimamo ndani ya nyumba hii, mmoja wetu lazima awe nao.

Kakubali! Kulwa kacheka. Kulwa huwa anaelewa.


Ijumaa, 12 Julai

Nafunga mizigo. Nepi, uji, viazi vitamu, sufuria. Adinani katoka msikitini, naye kafunga yake. Nimefungua begi lake. Ekstensheni. Feni ndogo. Pasi! Nimemuuliza pori gani lina soketi. Kasema mtu hawezi kujua, bora awe navyo. Na kufuli, la kufungia zipu ya hema. Nikamwonyesha kwamba hema ni turubai, mwizi anaweza kuinua pembeni akaingia. Akasema mwizi mwenye adabu atapita mlangoni.

Nimempenda kwa saa nzima baada ya hapo.

Mahali nimeshapachagua. Tunapita Kwihara, tunaendelea mpaka karibu na kijiji cha shangazi yangu Dafrosa, pale njia ya zamani ya misafara inapoingia kwenye miti. Shangazi simwambii. Nikimwambia atachinja kuku, atatupa chumba na kitanda na godoro, na mpango utakufa. Tutapita kimya kama wezi. Najua kupita mlangoni kwa mkubwa bila kumwamkia ni kukosa adabu. Nitaomba radhi Septemba, kwenye harusi atakayoifanya kwake.

Na yale maandishi nimeyapatia dawa. Nitayageuzia nyuma, upande wa porini, ambako hapiti mtu.


Jumamosi, 13 Julai

Naandika usiku, kwa mwanga wa moto. Tumefika! Kornel katuleta na bajaji yake. Kaona kibanio cha feni kwenye begi, kauliza kama tunahama. Adinani kamwambia tunakwenda kufa mahali pazuri.

Hema limesimama. Maandishi yako nyuma, yanaangalia kijinjia kidogo cha majani. Nimekichungulia kwa makini. Hakina hata mbuzi. Kama watu wangekuwa wanakipita ningewaona, na leo ni Jumamosi, siku ya watu kutembea.

Adinani alianza vibaya. Kafunga zipu kwa kufuli na ufunguo ukamponyoka kwenye majani, sasa sote tunaingia kwa kutambaa chini. Mwizi wake mwenye adabu ni yeye. Kaumwa na siafu mmoja, kalia kama wa jeshi zima. Jioni ilipoanza kuingia kakisalimia kisiki. Shikamoo mzee. Kakaa anasubiri marahaba.

Lakini baadaye! Moto umewaka, viazi vimeiva kwenye majivu, mapacha wamelala WOTE WAWILI KWA PAMOJA, jambo ambalo halijawahi kutokea chini ya bati. Nikamwonyesha njia. Nikamwambia hapa ndipo mababu zangu walipopita na mizigo kwenda pwani, na wa kwake wakaja nayo huku. Akasema basi ndipo mababu zangu walipowaibia wa kwake. Nikasema wa kwake ndio waliowavua wa kwangu kaptula. Ndio utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, haukuanza na sisi na hatutaumaliza. Kacheka mpaka kajifuta macho. Kaniwekea koti lake mabegani. Katazama juu, kasema hajui kama nyota zilikuwa nyingi hivi siku zote au wamezileta leo.

Inafanya kazi! Inafanya kazi kabisa!

Sasa anaketi karibu yangu. Anasema mama Kulwa, ngoja nikwambie vizuri ile habari ya Dar, na ya mama, maana nimeamua


Jumapili, 14 Julai

Nililala. Kalamu mkononi! Mdomo wake nimeuona unafunguka, kisha nikaona mchana.

Mchana wenyewe nimeuona kwa shida, kwa sababu nimefiwa.

Kile kijinjia ambacho hakipiti hata mbuzi ndicho njia ya kwenda kanisani. Jumamosi hakipiti mtu. Jumapili kinapita kijiji kizima, kwenda misa ya kwanza, na mbele yao wote shangazi Dafrosa. Kaona turubai porini. Kasoma maandishi. Kainua pembeni kachungulia. Kaniona mimi, mtoto wa kaka yake, nimelala kama gogo, mapacha kando, na mwanaume kanyooka, kafunikwa shuka jeupe kuanzia kichwani mpaka miguuni.

Adinani hulala hivyo. Anaogopa mbu.

Shangazi kapiga yowe lililosikika mpaka altareni.

Nikainua kichwa. Kabla sijasema neno, kanilaza tena chini kwa mikono miwili. Kasema lala mwanangu, usiseme kitu, watoto tunao sisi, lala. Mwanamke mmoja kambeba Kulwa, mwingine Doto. Mwingine kanifunika khanga yake yenye joto.

Hakuna aliyeniambia maneno hayo tangu Desemba. Lala. Watoto tunao sisi.

Niliwaza. Nilijua kabisa mume wangu yu hai, nilikuwa namsikia anapumua. Mwanamke mwenye utu angesema.

Nimelala mpaka jua la utosi. Mungu anisamehe. Ujane mtamu!

Yaliyotokea nimeyakusanya kwa watu. Adinani alikuwa macho chini ya shuka. Kasikia sauti nyingi, kafikiri ni wezi, katulia tuli ili wamwone hana faida. Walipoanza kumsomea sala kaona sasa wamezidi, kainuka kakaa. Akina mama wakatimka, mmoja karukia majivu ya moto wetu. Shangazi tu ndiye hakukimbia. Kamwambia mkwe, kama uko hai, mbona hukuja kuamkia?

Angejibu kwa upole yangeisha. Lakini kaomba radhi kwa lafudhi ya Mbagala. Binamu yangu Lugembe, mtoto wa shangazi, kasikia. Kauliza kwa sauti kubwa, kumbe marehemu ni Mzaramo?

Basi. Mzaramo kafa, Wanyamwezi wapo, na misa imeshakosekana. Lugembe kamwambia alale chini haraka, watu hawawezi kulia bure, leo lazima azikwe mtu. Wakamfunga nyuma ya baiskeli ya Lugembe kama gunia la mkaa, kwa ekstensheni yake mwenyewe, wakamzungusha kijiji kizima. Nyuma msafara unaimba jinsi marehemu alivyotoka pwani na feni, akauawa na siafu mmoja. Kila nyumba wanasimama, wanasoma wasifu wake. Lugembe kajilaza barabarani kuigiza alivyokata roho, huku anaulizia soketi. Simu ya Adinani ikalia, alikuwa Abbasi. Lugembe kapokea, kasema marehemu yuko kwenye shughuli. Abbasi naye ni Mzaramo, alielewa papo hapo. Kawaambia wamzike vizuri, na yeye atakuja kuchukua mbuzi wote.

Turubai wamelitwaa, fidia ya machozi. Kufuli pia. Kwenye utani hukasiriki, ukikasirika unaongeza. Adinani kakasirika. Wakachukua pasi. Kakasirika tena. Wakachukua suruali.

Nilipoamka nimemkuta kakaa juu ya kinu, kavaa khanga ya shangazi, anatazama mbali. Mapacha wameshiba, wanacheka na kila mtu.

Njia nzima hakusema. Kornel kauliza hema liko wapi. Kimya. Kauliza suruali iko wapi. Kimya zaidi.

Leo ndiyo siku ya jibu. Nimeliandika mwenyewe jibu hilo, kwa mikono yangu, kwa herufi kubwa nyeupe.


Jumatatu, 15 Julai

Nimelia ndani ya maharage. Halafu nikajikaza. Nimetoa sufuria zote kabatini, nikazifunga kwenye shuka, nikamwita Adinani. Nimemwambia mimi ni mke wake, anapokwenda nakwenda. Mbagala nitakwenda. Chumba kimoja nitakaa. Ila beseni la kuogeshea watoto mama yake asiliguse hata kwa kidole, hilo ndilo sharti langu na silipunguzi.

Kauliza, Mbagala kufanya nini?

Nikasema si ndivyo ulivyoamua.

Akanitazama kama mtu anayetazama simu iliyoingia maji. Kasema alimkatalia Abbasi tangu Jumapili ya tarehe saba. Na jioni ile ile kaniambia. Kasema nilimjibu vizuri tu: sawa baba Kulwa, funga mlango.

Nalala nikijibu!

Kasema kwani ataiachaje Kanyenye, ambako watu wanavunja simu kwa moyo mmoja. Na sasa ndiyo haondoki kabisa, kwa sababu suruali yake iko kwa Lugembe. Mzaramo gani anahama akiacha suruali kwa Mnyamwezi? Shangazi ana harusi Septemba. Adinani atakwenda, na atarudi na ile baiskeli. Ukimya wote wa kwenye bajaji alikuwa anapanga. Kacheka peke yake mpaka Doto kashtuka.

Nikauliza kwa sauti ndogo, na kule kwenye hema alikuwa ananiambia nini?

Akasema alinieleza kwamba amemwomba mama yake aje akae nasi hapa, mpaka watoto watembee, ili nipate kulala. Anasema hawezi kuniona nasinzia na kisu mkononi. Mama atafika Ijumaa na treni.

Nikauliza mimi nilisemaje.

Kasema nilimshika mkono nikamwambia, asante mume wangu, umeniokoa.

Nimetoka nje nikasimama kwenye kamba ya nguo. Sikujua nimbusu au nimpige na beseni.

Baadaye nimembusu. Beseni nimelificha.


Jumatano, 17 Julai

Nimekaa nikatafakari yote yaliyotokea, kwa utulivu, kama mtu mzima. Nimepata fundisho.

Hema linafanya kazi.

Adinani alilala porini, na Adinani haondoki Tabora. Hayo mengine anayosema, sijui Jumapili ya tarehe saba, sijui suruali, ni maneno ya mwanaume asiyetaka kukiri.

Sasa mama mkwe. Namheshimu sana. Mjini atakaa mpaka watoto waoe. Lakini porini, kwenye baridi ya Julai, na siafu, na kisiki kisichoitikia, naamini baada ya usiku mmoja atakumbuka Mbagala yake mwenyewe, bila mimi kusema kitu. Kilichomfanya mtoto aipende nchi hii kitamfanya mama aikimbie. Ni kiasi cha kubadilisha upande wa kulaza kichwa.

Mahali nitatafuta pengine. Kijinjia nitakichungulia Jumamosi na Jumapili.

Leo nimekwenda tena Ng'ambo kwa Kasimiri. Maturubai yamemwishia. Lakini wale akina mama wa kikundi walimwachia robota zima la kitambaa, jipya kabisa, halijawahi kutumika na mtu. Jeupe pee! Nimelikunjua lote nikalikagua pande zote mbili, safari hii sifanyi makosa. Halina maandishi hata herufi moja. Kasimiri kauliza linamtosha mtu wa kimo gani. Nikamwambia ni mama mkwe wangu, anatoka Dar Ijumaa, si mrefu sana. Kasimiri kanipa pole. Fundi mwenye utu yule, anajua mama wakwe walivyo.

Nimerudi nalo begani. Najiat alikuwa mlangoni kwake. Kaliona robota. Kaingia ndani, katoka na khanga nyingine, kaifunga kiunoni, kakaa anasubiri.

Wivu tu.